Mke Mwenza wa Mama

Tarehe 11 Januari

Mdogo wangu Panzi,

Hujambo huko kwenye mbao zako? Sisi huku tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika. Ndivyo alivyosema marehemu Mama, ingawa yeye mwenyewe alilalamika mpaka siku aliyofumba macho. Mwaka unakaribia kutimia na bado nikisikia mlango wa jikoni ukilia, nageuka.

Wapwa zako hawajambo. Mkubwa ameingia darasa la tano na tayari anajua kila kitu. Mdogo ameng'oka meno ya mbele, kila neno linamtoka na upepo. Cherehani changu kimerudi kutoka kwa fundi; kinashona, ila kinanguruma kama mtu anayesaga kokoto. Nimejaza sare za shule mpaka kitandani, shemeji yako analalia kola. Anakusalimu.

Baba kwa mwili ni mzima. Anakula, anatembea, anawafokea wanaoegemea ukuta wake, anasema hakuujenga ili watu waupake jasho. Ni kichwa, Panzi. Kichwa kimeanza kumwacha.

Sasa sikia. Wiki iliyopita lilipita gari la vipaza sauti hapa mtaani. Kila mwenye silaha ya vita nyumbani, iwe nzima iwe mbovu, aipeleke kituo cha polisi kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Hataulizwa aliitoa wapi. Baada ya hapo, atakayekutwa nayo asitafute wa kumlaumu. Nilikuwa nashona kifungo, nikajichoma kidole. Najua ungekuwepo tungetazamana wewe na mimi, tukawaza kitu kimoja: mke mwenza wa Mama.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akituchekesha? "Wenzangu wana wake wenza wanaokula. Wangu anakunywa mafuta tu." Na Baba akikunja uso, maana kwake bunduki ile haikuwa mzaha. Ndiyo iliyomleta nyumbani kutoka vitani, kwa miguu, peke yake, wenzake wote wamebaki kule. Hakuirudisha kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumrudishia. Sisi tulikua tukijua iko juu ya dari, kama watoto wengine wanavyojua juu ya dari kuna panya.

Haiko juu ya dari tena. Baada ya Mama kuzikwa aliishusha. Anakaa mlangoni tangu asubuhi, imelala mapajani mwake, anaisugua kwa mafuta ya cherehani changu. Juzi ameniuliza kama daraja bado limesimama. Nikamwambia, "Daraja gani, Baba?" Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo, akasema, "Usijifanye hujui."

Wewe anakusikiliza. Tangu zamani, nikimwambia mimi ni kelele, ukimwambia wewe ni ushauri. Omba ruhusa uje, hata kwa siku chache, tuipeleke kwa amani. Na nijibu jambo moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukipanda darini. Kile kitu kina risasi?

Dada yako

*

Tarehe 27 Februari

Dada yangu, Bi. Sindano,

Shikamoo. Barua yako imenifikia imechoka. Karani wa kiwanda aliikalia mpaka ikapata umbo lake. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimefurahi kusikia habari za wapwa zangu. Huyo mwenye pengo mwambie mjomba anamwonea wivu, mimi yangu yaling'oka kwa ngumi yako.

Huku kazi ndiyo imeshika moto. Magogo yanaingia usiku na mchana, misumeno hailali, vumbi la mbao tunalila na kulinywa. Msimamizi hataki kusikia neno ruhusa. Ukimtajia msiba anakuuliza kama maiti haiwezi kusubiri.

Kuhusu swali lako: ndiyo, niliwahi kuziona risasi, kwenye kopo la maziwa ya unga. Zimeota ukungu wa kijani. Usiogope, Dada. Risasi za umri ule ni kama mbegu zilizooza, umwagilie maji usimwagilie, haziwezi kuota. Mwache mzee akae na chuma chake. Kinampa kazi mikononi.

Ila usiende kituoni. Nakuomba. Unawajua wale. Watakuja na gari na mabuti, watapindua magodoro, watamtoa mzee nje kwa shati la kulalia, mtaa mzima ukiangalia. Baba hataamka tena kutoka kwenye aibu hiyo. Subiri nije, tutazungumza naye mimi na wewe. Kazi ikipungua tu.

Msalimie shemeji. Mwambie bado ana deni langu la karata, alikimbia mchezo nikiwa nashinda.

Panzi

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na si kwa utamu wake. Mwandiko wako una nini? Wewe ndiye ambaye mwalimu alikuwa akibandika daftari lako ukutani tulione. Sasa herufi zimelala upande kama walevi wamesindikizana. Kama umeanza kunywa niambie, nitakugombeza kwa barua, inatosha.

Watoto wazima. Shemeji yako hayupo, amekwenda kwa kaka yake kumsaidia kuezeka nyumba. Atarudi.

Panzi, nilijaribu. Jumamosi nilimchemshia Baba maji, nikampeleka bafuni, nikamshawishi kuwa chuma kitaota kutu kikipata mvuke. Akakiegemeza nje ya mlango. Mara tu niliposikia maji yanamwagika nikaichukua, nikaifunga ndani ya kanga, nikaanza kutembea. Sikufika hata kwenye kisima. Alitoka, Panzi. Alitoka uchi, povu kichwani, baba yetu ambaye hata miguu yake hatujawahi kuiona juu ya magoti. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye tope akalia, akasema, "Umeniua. Umetuua wote." Majirani walikuwa kwenye foleni ya maji. Nikamfunika ile kanga, na ili nimfunike ilibidi niitoe bunduki. Basi ameishika tena, na sasa amejifunga mkanda wake mkononi, hata akila, hata akilala.

Ile kofia ya chuma ambayo kuku walikuwa wanatagia amewanyang'anya. Aliyamwaga mayai, akaivaa na majani yake.

Jumatatu nikaenda kituoni. Najua ulinikataza. Sikutaja mtu, niliuliza tu utaratibu ukoje kama mwenye silaha ni mzee asiyejiweza. Askari aliyekuwa mezani akauliza, "Nani huyo?" Nikasema nauliza tu. Akasema, "Hakuna anayeuliza tu." Akaniambia kwa mzee kama huyo wao huja wenyewe, wamejiandaa, wala hawapigi hodi. Nikawaza watu wenye sare wanaruka ukuta wetu, na Baba yuko mlangoni na kofia yake kichwani. Nilitoka pale bila kuaga.

Hapa hakuna wa kunishauri ila tarishi wa ofisi ya kata, yule anayetuletea barua zako. Yeye peke yake ndiye asiyeogopa. Baba humwuliza neno la siri, naye hujibu neno lolote linalomjia, leo "Chumvi!", kesho "Bata!", Baba anacheka, anampisha. Ndiyo mara pekee anayocheka.

Msimamizi wako na alie, na ajigaragaze. Njoo.

Dada yako

*

Tarehe 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Mwandiko ni kalamu, hizi za kiwandani ni mbaya.

Nimesoma habari ya bafuni, sikuweza kula. Nimefikiria hivi: nenda kwa seremala, mchongee ya mti. Mpe vipimo, apake rangi nyeusi mtutu, kahawia kitako. Baba akisinzia badilisheni. Mikono yake itaona kama iko pale pale.

Kuja siwezi. Usiniulize kwa nini. Ukiniuliza nitakudanganya, na wewe sipendi kukudanganya.

Panzi

*

Tarehe 3 Juni

Panzi,

Nakusalimu. Watoto wanaendelea.

Seremala alichonga. Alichonga vizuri hata nikaogopa kuitazama, akaweka mpaka kamkanda ka ngozi. Nilisubiri Baba asinzie mchana, nikaukata ule mkanda kwa mkasi wangu wa kazi, pole pole, uzi baada ya uzi, nikabadilisha. Nilifika nayo chumbani. Nikaiweka chini ya sare. Nikakaa juu yake nikishona, moyo unanidunda kuliko cherehani. Akaamka. Halafu nikasikia anacheka, cheko dogo, la mtu aliyechezewa. Akaingia, amenyanyua kile kimti kwa vidole viwili, akasema, "Hii haina mwili." Akaivunja kwenye goti, kama kuni. Kisha akanisogeza, hakunisukuma, alinisogeza kwa adabu kabisa, akachukua yake chini ya nguo.

Sasa nikuambie nililokuficha. Shemeji yako hajaenda kuezeka nyumba ya mtu. Mwezi wa tatu, alirudi jioni kutoka kazini amevaa koti la mvua la kijani. Baba alimpigisha magoti uani, mikono kichwani, mtutu shingoni. Mbele ya wanawe. Alimwuliza wenzake wako wangapi na wamejificha wapi. Mume wangu alikuwa anasema, "Baba, ni mimi, mkweo," na kila akisema hivyo mtutu unazidi kumbana. Mimi nilisimama jikoni na mwiko mkononi, sikuweza kupaza sauti, nikiogopa sauti ndiyo itakayofyatua. Mpaka jirani akaita, "Mzee, chakula tayari!" Baba akasahau, akaenda kunawa. Mume wangu hakulala hapa tena. Aliniambia nichague: au twende wote, au nibaki na baba yangu. Nilimwambia nitamwachia nani? Nina mdogo wangu, lakini mdogo wangu ana magogo.

Nisamehe, hilo limenitoka. Silifuti, kalamu imeshaliandika.

Na jambo la kuumiza kuliko yote. Jana Baba alikuwa mzima. Nakwambia mzima, vile unavyomjua. Alinisifia mshono, akauliza mkwewe yuko wapi, halafu akasema, "Mwanangu, mimi nina shida kichwani. Nisaidie." Nikamshika mikono, nikamwambia, "Nipe bunduki, Baba." Akasema, "Bunduki gani?" Na alikuwa ameikumbatia.

Nimeamua. Tarishi amekubali kunisaidia. Ijumaa ya mwisho ya mwezi atakuja asubuhi, amkaribie kwa mzaha wake kama kawaida, amshike mikono, nami nitaichukua, twende nayo kituoni siku hiyo hiyo. Kama risasi zimeoza kama unavyosema, basi baya kabisa litakalotokea ni aibu. Aibu nimeshaizoea.

Dada yako

*

Tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika pole pole, kwa hiyo nisome pole pole.

Usifanye mlichopanga. Nakusihi, mwambie tarishi asije. Kuhusu risasi mimi sijui lolote. Niliziona nikiwa mtoto, nikaona ukungu, basi. Zaweza kuwa zimeoza, zaweza kuwa nzima. Nilisema vile ili upate usingizi, na kwa kuwa kama hakuna hatari, basi hakuna haja ya mimi kuja.

Na hii ndiyo sababu ya kutokuja. Mkono wangu wa kulia haupo. Msumeno uliuchukua mwezi wa kumi na moja, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Ulivuta shati, shati likauvuta mkono, yule wa swichi alikuwa ametazama kwingine. Naandika kwa kushoto. Sipasui mbao tena, nafagia vumbi lake. Msimamizi hajanizuia hata siku moja, angefurahi niondoke.

Sikukuambia kwa sababu bado ulikuwa unamlilia Mama. Halafu ukaniambia kuhusu Baba. Halafu nikaona nimechelewa. Na Baba, Dada, Baba ndiye aliyenifundisha kushika mwiko wa uashi. Alikuwa anasema mtu ni mikono yake, mengine ni maneno. Nije nisimame mbele yake na nini?

Lakini niliposoma ya shemeji nilikaa chini kwenye maranda, nikakaa mpaka wakafunga kiwanda. Nakuja. Napanda basi mwanzo wa mwezi wa saba, siku ya mwisho ikipita na ipite, tutajua la kusema. Usimguse. Usimruhusu mtu amguse. Nisubiri mimi.

Panzi

*

Tarehe 4 Julai

Mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka mahabusu. Karatasi nimepewa na askari wa kike anayetulinda. Ameona mshono wa blauzi yangu, akauliza nani amenishonea. Usihofu, sijaguswa. Tunalala wengi, tunageuka kwa zamu.

Watoto wako kwa baba yao. Alikuja siku ile ile akawachukua, na nikamwona analia. Namshukuru.

Sasa nikueleze, na ukimaliza kusoma uchane. Ijumaa ile tarishi alikuja kama tulivyokubaliana. Alivaa shati lake la kaki. Mkononi alikuwa na barua, akainyanyua juu tangu kwenye kona: "Mzee! Barua kutoka kwa Panzi!" Mimi nilikuwa nyuma ya Baba, karibu kiasi cha kumgusa bega. Baba akasimama. Akasema, "Neno la siri!" Tarishi akajibu, "Sufuria!" Nikasubiri acheke. Nilimwona mgongoni, Panzi, nikauona mgongo wake unakaza. Akarudia, "Neno la siri!" Tarishi bado anatabasamu, bado anakuja, akasema, "Basi, Kijiko!"

Ikalia.

Hazikuwa zimeoza.

Tarishi alikaa chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli. Paja lilikuwa limefunguka. Nikachana sare ya shule nikamfunga, nikachana nyingine, nikachana zote. Yeye ananiambia, "Usilie, usilie, damu nyingi ni ya woga tu." Halafu akanyamaza.

Na Baba akaniuliza, "Nani amepiga?" Nikanyoosha mkono, akanipa bunduki. Hivyo tu. Nusu mwaka nzima nimeomba, nimeiba, nimechongesha, na siku ile aliiachia kama mtoto aliyeshiba anavyoachia kijiko. Polisi walipofika waliikuta mikononi mwangu. Wakauliza ya nani. Nikasema yangu. Nani amefyatua? Nikasema mimi, nilikuwa naisafisha.

Ulitaka nisemeje? Unaona hapa nilipo? Mzee yule hapa atakufa ndani ya wiki, na atakufa haelewi kwa nini. Mimi naelewa. Kuna tofauti.

Kwa hiyo nakuamuru, na ni mara ya kwanza nakuamuru tangu tuwe wakubwa: rudi nyumbani ukae na Baba. Jirani anamlisha kwa sasa. Watakuuliza, sema hukuwepo, hujui. Tarishi nasikia yuko hospitali, hajaweza kuzungumza. Barua yako iko mezani kwa mpelelezi, imelowa, hawajanipa. Sijui uliniandikia nini. Nadhani ni magogo.

Dada yako

*

Tarehe 21 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani chako. Nimemwomba askari wa kike akufikishie leo leo.

Hazikuwa habari za magogo. Nilikuwa nakwambia usifanye, na nakuja. Nilichelewa; barua yako ya mahabusu ilinikuta bado kiwandani. Na nilikuwa nakwambia kuwa mkono wangu wa kulia umeliwa na msumeno. Basi, umejua. Utakaponiona usishtuke, au shtuka kidogo tu.

Baba hakushtuka. Nilifika amekaa mlangoni, mikono mapajani, haina kitu. Nikasimama pale nimeficha mkono nyuma. Akasema, "Toa." Nikautoa. Akaushika, akaugeuza huku na huku, akauliza, "Nani alikufunga hivi?" Akaingia ndani, akachana shuka, akanifunga upya, jeraha lililopona zamani. Alifunga vizuri, kwa fundo ambalo sijui alijifunza wapi. Kisha akanishika kichwa akaniambia, "Nilirudi kukutafuta. Wallahi nilirudi. Hukuwepo." Hakuwa ananiambia mimi. Nikamwambia, "Najua. Sikukulaumu." Alilia mpaka jua likazama.

Nilikwenda hospitali. Tarishi wamemkata mguu, juu ya goti. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba anyamaze, ili uongo wako usimame. Nikaanza, "Dada yangu amesema..." Akanikatiza. "Najua alichosema, mpelelezi ameniambia. Dada yako ni mtu mwema. Lakini mguu wangu umeshakwenda, ulimi wangu niachieni. Nikiulizwa kwa kiapo nitasema nilichoona." Hakuwa na hasira. Akaniuliza mzee anaendeleaje, anakula? Nikatoka nje nikaegemea ukuta. Kwa hiyo jua kwamba uongo wako ulikuwa na siku chache tu za kuishi, hata kama nisingefanya nilichofanya.

Nilichofanya ni hiki. Jana asubuhi Baba aliniita kwa jina langu, lile la shule, si Panzi. Akaniuliza, "Umekuja lini? Mkono una nini?" Nikamweleza. Akanipa pole, pole ya baba hasa. Halafu akauliza, "Dada yako yuko wapi?"

Ningeweza kusema sokoni. Wewe ungesema sokoni.

Nikamwambia, "Yuko ndani, Baba. Mahabusu."

"Kwa kosa gani?"

"La kumpiga mtu risasi."

Akatazama mikono yake. Akasema, "Nani alipigwa?" Nikamwambia. Akafumba macho kwa muda mrefu, nikadhani tayari ameondoka tena. Akafumbua. "Niletee wembe. Na shati la msibani."

Alinyoa mwenyewe. Hakutaka nimshike njiani. Alitembea katikati ya barabara, mgongo umenyooka, nami nyuma yake nikiomba tu, ee Mola, kisimwache kichwa kabla hatujafika, na papo hapo nikiomba kimwache, anigeukie aniulize tunakwenda wapi, nimrudishe nyumbani. Hakugeuka.

Mkuu wa zamu alikuwa mwanamke, miwani imeshuka puani. Baba akasimama mbele ya meza, akakataa kiti. Akasema, "Bunduki ni yangu. Nilipewa vitani, sikuirudisha. Aliyempiga yule kijana ni mimi. Binti yangu mfungulieni."

Yule mama akamwuliza, "Ulimpiga kwa nini, mzee?"

"Sikumbuki."

"Ulisimama wapi?"

"Sikumbuki."

Akavua miwani. Alikuwa anataka kusaidia, nilimwona. "Mzee wangu, kama hukumbuki chochote, utajuaje kuwa ni wewe na si yeye?"

Baba akasema, "Kwa sababu namjua yeye."

Yule mama aliandika. Aliandika muda mrefu, hakuinua uso. Alipomaliza akampa kalamu, Baba akatia sahihi yake yote, ile ya zamani yenye mkia. Tarishi naye walimhoji jioni, maneno yakalingana. Wewe wanakuachia Jumatatu, kwa onyo la kudanganya polisi. Shemeji amekuja hapa, ameketi, amekunywa maji, hajasema mengi. Ila ameuliza utatoka saa ngapi.

Baba hawakumweka mahabusu. Wamempeleka hospitali, wodi yenye mlango wa chuma, askari nje. Daktari anasema hatarudi nyumbani, kesi iwepo isiwepo. Utanichukia, Dada. Nichukie, nipo, sitakwenda popote.

Leo asubuhi nimekwenda kumwona. Hajui kwa nini yuko pale. Ameniuliza amefanya nini. Nikamweleza, kwa upole kadiri nilivyoweza, akajipiga kifua, akalia. Baada ya muda akanyamaza, akanigeukia, akaniuliza amefanya nini. Nikamweleza tena, akalia tena, upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Mara ya tatu askari wa mlangoni akaniita pembeni, akasema, "Kaka, acha. Unamwua kila mara." Sasa akiuliza namwambia tunasubiri gari.

Jumatatu nitakuwa langoni. Usipitie nyumbani kwanza, usibadilishe hata nguo. Twende kwake moja kwa moja. Mimi leo, wakati naaga, aliniamkia kama mgeni, akaniuliza nimetoka upande gani. Huenda wewe bado anakujua.

Ndugu yako